Mwani kama protini mbadala katika chakula cha samaki wa kufugwa

Mfugaji wa sato katika vizimba vya Ziwa Victoria hutumia kati ya asilimia 50 na 70 ya gharama zake zote kununua chakula cha samaki. Ndani ya chakula hicho kiungo kinachopandisha bei ni protini, na kwa miaka mingi protini hiyo imetoka kwenye unga wa dagaa. Ni dagaa walewale ambao familia ya kipato cha chini Mwanza, Kisumu au Jinja huwanunua kwa kopo kwa ajili ya mboga ya jioni. Kila kizimba kipya kinachoelea ziwani kinaongeza mnunuzi mmoja zaidi katika soko hilohilo. Ndiyo maana suala la kutafuta protini nyingine limetoka maabara na kuingia katika mazungumzo ya wafanyabiashara, na miongoni mwa majibu yanayotajwa ni mwani.

Kwa dunia nzima shinikizo ni hilohilo. Takwimu za Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, zinaonyesha kuwa mwaka 2022 ufugaji ulitoa tani milioni 94.4 za samaki na wanyama wengine wa majini, na uvuvi ukatoa tani milioni 91.0. Ilikuwa mara ya kwanza ufugaji kuupita uvuvi. Unga wa samaki haukuongezeka kwa kasi hiyo, kwa sababu unategemea samaki wadogo wa baharini ambao idadi yao ina mpaka. Mwaka 2023 Peru, ambayo ndiyo muuzaji mkubwa kuliko wote wa unga wa samaki duniani, ilifuta msimu wa kwanza wa uvuvi katika eneo lake la kaskazini na kati kutokana na hali ya El Niño, na bei ya unga ikapanda katika masoko yote. Mwenye kiwanda cha chakula cha samaki Afrika Mashariki hanunui Peru kila siku, lakini bei ya kule ikipanda, muuzaji wa dagaa wa hapa naye anazo habari.

Dagaa: nani ale?

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, ni zaidi ya nusu ya uzito wa samaki wote wanaovuliwa ziwani humo. Soko la Kirumba jijini Mwanza huwapeleka Rwanda, Burundi, Kongo na kwingineko. Katika biashara hiyo kuna madaraja mawili yanayofahamika na kila mchuuzi. Dagaa waliokaushwa juu ya vichanja ni wa kuliwa na watu na bei yake ni nzuri. Walioanikwa chini mchangani, au walionyeshewa mvua kabla ya kukauka, huishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku na samaki.

Mchanga huo ni hasara kwa mfugaji. Unga wa dagaa safi unaweza kuwa na protini ya asilimia 55 hadi 65, lakini gunia lenye mchanga hupima uzito uleule huku protini ikiwa pungufu sana, na mfugaji hulijua hilo miezi sita baadaye anapovua sato wadogo kuliko alivyotarajia. Hivyo mbadala wa dagaa hautafutwi kwa sababu ya uhaba peke yake. Viwanda vinataka pia bidhaa ambayo gunia la leo linafanana na la mwezi ujao.

Mwani upi?

Hapa kuna mkanganyiko ambao umewahi kumgharimu zaidi ya mtu mmoja. Neno mwani likitajwa pwani, msomaji hufikiria mara moja mwani wa Zanzibar, ule unaofungwa kwenye kamba na kulimwa kwa sehemu kubwa na wanawake tangu mwaka 1989. Mwani huo, yaani spinosum na cottonii, husafirishwa nje kwa ajili ya karajinani, kitu cha kugandisha kinachotumika katika vyakula, dawa ya meno na vipodozi. Protini yake ni ndogo, kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya uzito mkavu, na chumvi yake ni nyingi. Unaweza kusaidia kushikisha tembe za chakula zisiyeyuke haraka majini, lakini anayetaka kuuza mwani wa Paje kama protini ya samaki atakuwa anauza kitu ambacho hakimo. Upo mwani mkubwa wa aina nyingine wenye protini zaidi, kama ulva, ambao hutumika kulisha konokono wa baharini katika baadhi ya nchi, ila nao haufikii kiwango cha dagaa.

Mwani unaozungumzwa katika chakula cha samaki ni ule mdogo usioonekana kwa macho mpaka uwe mwingi, unaofanya maji yawe ya kijani. Unaofahamika zaidi ni spirulina, ambao kwa lugha ya sayansi si mmea kamili bali ni jamii ya bakteria wanaotumia mwanga wa jua. Ukikaushwa, protini yake ni asilimia 55 hadi 70. Klorela ina kati ya 50 na 60. Kwa kulinganisha, unga mzuri wa samaki una asilimia 60 hadi 72, mashudu ya soya 44 hadi 48.

Namba hizo peke yake hazitoshi. Samaki anahitaji protini anayoweza kuimeng'enya, na hapo spirulina ina faida kubwa: seli zake hazina ukuta mgumu kama wa mimea, kwa hiyo tumbo la samaki huifikia protini bila taabu. Klorela ina ukuta mgumu ambao ni lazima upasuliwe kiwandani kwanza, na kupasua ni gharama. Upungufu wa spirulina ni katika viini viwili vya protini, methionini na laisini, ambavyo ni vichache kuliko katika unga wa samaki. Mtengenezaji hulazimika kuongeza methionini ya kiwandani au kuchanganya na kiungo kingine.

Sato anaujua mwani

Kwa sato, chakula hiki si kigeni. Katika Ziwa George nchini Uganda, ambalo maji yake ni ya kijani mwaka mzima, utafiti uliochapishwa mwaka 1973 ulionyesha kuwa sato wa pale huishi kwa kula mwani wa aina ya bakteria hao, na kwamba tumbo lake hutoa asidi kali, kiwango cha pH kushuka hadi 1.4, ambayo huvunja seli hizo. Katika Ziwa Nakuru nchini Kenya, samaki mdogo wa jamii hiyohiyo aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na 1960 ili kupunguza mbu aliongezeka sana kwa kula spirulina, chakula kilekile kilicholeta heroe kwa maelfu. Mbali zaidi, pembezoni mwa Ziwa Chad, wanawake wa Kikanembu wamekuwa wakichota spirulina kwenye madimbwi, wakiianika juu ya mchanga na kuiuza sokoni kama vipande vya dihé vya kutilia mchuzi.

Majaribio ya kitafiti nayo yanakubaliana na mazingira hayo. Jaribio la mwaka 1998 kwa vifaranga vya perege wa Msumbiji lilionyesha kuwa spirulina inaweza kuchukua nafasi ya hadi asilimia 40 ya protini ya unga wa samaki bila ukuaji kuathirika. Zaidi ya hapo ukuaji ulishuka. Jaribio lililotoa matumaini zaidi lilichapishwa Novemba 2020 na watafiti wa Marekani wakiongozwa na Pallab Sarker. Waliwalisha sato chakula kisicho na unga wala mafuta ya samaki kabisa. Badala yake waliweka masalia ya mwani uitwao Nannochloropsis, yanayobaki baada ya mafuta yake kukamuliwa, pamoja na mwani mwingine wenye mafuta, Schizochytrium. Samaki walikua vizuri kuliko waliokula chakula cha kawaida. Kilo moja ya chakula hicho ilikadiriwa kugharimu dola 0.68 dhidi ya 0.64, lakini gharama ya chakula kwa kila kilo ya sato ilikuwa dola 0.95 dhidi ya 1.03, kwa kuwa samaki walikitumia vizuri zaidi.

Jambo la kuangalia katika matokeo hayo ni neno masalia. Watafiti hao hawakununua mwani uliolimwa kwa ajili ya samaki. Walihesabu bei ya kitu ambacho kiwanda kingine kimekwisha kukikamua na kukiweka pembeni. Afrika Mashariki haina kiwanda cha namna hiyo.

Hesabu ya gunia

Mfano ufuatao unatumia bei za makadirio, lakini uwiano wake unaeleweka. Chukua unga wa samaki wenye protini asilimia 65 kwa dola 1,700 kwa tani: kilo moja ya protini inagharimu kama dola 2.60. Mashudu ya soya yenye protini asilimia 45 kwa dola 450 kwa tani hutoa kilo ya protini kwa dola 1. Spirulina yenye protini asilimia 60 ikinunuliwa kwa dola 10 kwa kilo, kilo ya protini inafika karibu dola 17.

Sasa chukua tani moja ya chakula cha sato yenye kilo 100 za unga wa samaki. Kiwanda kikitaka kuondoa nusu, yaani kilo 50 zenye thamani ya dola 85, kitahitaji kilo 54 za spirulina zenye thamani ya dola 540. Tani hiyo imepanda kwa dola 455. Ili spirulina ilingane na unga wa samaki katika mfano huu, bei yake ingepaswa kuwa karibu dola 1.60 kwa kilo. Hakuna mkulima wa spirulina anayekaribia bei hiyo leo, na wengi wao hawana haja nayo, kwa kuwa duka la vyakula vya afya humlipa mara nyingi zaidi ya kiwanda cha chakula cha samaki.

Mfugaji naye hawezi kumpelekea mlaji gharama hiyo. Sato aliyegandishwa kutoka China huuzwa katika masoko ya Kenya na nchi jirani kwa bei ambayo wafugaji wa vizimba wamekuwa wakiilalamikia kwa miaka mingi. Soya, kwa upande mwingine, ni rahisi lakini nyingi huvuka mipaka kutoka Zambia, Malawi na Uganda, na bei yake hufuata mvua na foleni za malori. Mabuu ya nzi mweusi, ambayo taasisi ya ICIPE ya Nairobi imeyafanyia utafiti kwa muda mrefu, yanakula taka za jikoni na sokoni na kwa sasa ndiyo yanayompa mwani ushindani mkali zaidi katika nafasi ya protini mbadala.

Kwa nini basi mwani unaendelea kuzungumzwa? Jibu moja ni mafuta. Samaki wa baharini kama salmoni wanahitaji mafuta ya omega-3, na mafuta hayo kwa asili hutengenezwa na mwani. Samaki wadogo huyapata kwa kuula. Kampuni ya Veramaris ilifungua kiwanda huko Blair, Nebraska, mwaka 2019 kinachotengeneza mafuta hayo moja kwa moja kutoka kwenye mwani ndani ya matangi, na nchini Brazili kuna kiwanda kinacholisha mwani wake sukari ya miwa kwa lengo kama hilo. Wafugaji wa salmoni wa Norway na Chile wamekwisha kuyaingiza katika chakula chao. Kwa maneno mengine mwani uliingia kwenye biashara ya chakula cha samaki kupitia mafuta, ambayo ni ghali na hayana mbadala mwingi, na bado haujaingia kwa uzito kupitia protini, ambayo ina wauzaji wengi. Sato hahitaji mafuta mengi ya namna hiyo. Mfanyabiashara anayesoma habari za mafanikio ya mwani huko Ulaya asizihamishie Mwanza bila kupiga hesabu upya.

Jua lipo, magadi yapo

Masharti ya kulima spirulina yanafanana sana na hali ya Bonde la Ufa. Inataka maji yenye magadi, pH kati ya 9 na 10.5, na joto la nyuzi 30 hadi 37. Hulimwa katika mabwawa ya kina kifupi yenye umbo la uwanja wa mbio, ambamo gurudumu lenye makasia huyazungusha maji polepole. Ziwa Magadi limechimbwa soda tangu mwaka 1911, kwa hiyo kiungo kikuu cha maji hayo kinapatikana ndani ya kanda, ingawa soda ile ni ya kabonati na inahitaji kupitishiwa hewa ya kaboni ili iwe bikabonati.

Uzalishaji wa kawaida ni gramu 8 hadi 15 za spirulina kavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Kwa gramu 10 na siku 300 za kazi, hekta moja hutoa tani 30 kwa mwaka. Shamba la vizimba linalovuna tani 1,000 za sato na kutumia kilo 1.6 za chakula kwa kilo ya samaki linahitaji tani 1,600 za chakula. Kuweka spirulina asilimia 5 tu ni tani 80, au karibu hekta 2.7 za mabwawa. Kwa ardhi, hilo si jambo kubwa. Soya ya kutoa protini hiyo ingetaka eneo kubwa mara nyingi zaidi.

Ugumu uko kwenye kuvuna. Lita 1,000 za maji ya bwawa huwa na nusu kilo hadi kilo moja tu ya spirulina kavu. Yote yaliyobaki ni maji ya kuchujwa, kukamuliwa na kukaushwa, na kila hatua inakula umeme. Kukausha kwa jua kunapunguza bili, lakini uji wa spirulina ukichelewa kukauka kwa saa chache huoza na kunuka, na mnunuzi akishaisikia harufu hiyo hana mazungumzo tena.

Wapo wanaouliza kwa nini mwani usichotwe bure ziwani. Ghuba ya Winam upande wa Kenya hufunikwa na utando wa kijani mara kwa mara. Utando huo kwa sehemu kubwa ni Microcystis, ambao unaweza kutoa sumu inayoharibu ini la samaki na la binadamu. Katika maziwa ya magadi nako kuvuna porini si jambo la kutegemea: tangu miaka ya 2010 maji ya Nakuru na Bogoria yamepanda, chumvi ikapungua na spirulina ikapungua nayo, na heroe wengi wakahama. Mwani wa biashara ni lazima ulimwe katika bwawa lenye mbegu inayojulikana.

Pale unapolipa

Matumizi yanayoleta maana kwa sasa ni katika vituo vya kuzalisha vifaranga. Kifaranga cha sato kinahitaji chakula chenye protini ya asilimia 40 na zaidi, lakini kinakula gramu chache tu, hivyo kuongeza asilimia 5 ya spirulina hakumfilisi mwenye kituo na huweza kuboresha afya na rangi ya vifaranga. Wauzaji wa samaki wa mapambo nao hununua spirulina bila kunung'unika, kwa sababu rangi ndiyo bidhaa yao. Kwa sato wa kuliwa rangi ina upande wa pili: kiwango kikubwa kinaweza kuipa minofu umanjano ambao baadhi ya wanunuzi hawautaki.

Kwa mfugaji wa bwawa la udongo njia rahisi kuliko zote haihitaji gunia lolote la spirulina. Kenya ilipochimba mabwawa kwa mpango wa kuchochea uchumi wa mwaka 2009, mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140 ya wakati ule, wengi walikwama kwenye chakula. Waliofanikiwa na gharama ndogo ni waliojifunza kurutubisha maji kwa samadi au mbolea mpaka yawe ya kijani, sato akala mwani humohumo bwawani, na pumba zikawa nyongeza. Kipimo cha mabwana samaki ni mkono: ukizamishwa hadi kwenye kiwiko na kiganja kikawa ndiyo kwanza kinapotea machoni, kijani kinatosha, kikipotea mapema zaidi, mbolea isimamishwe kwa kuwa mwani mwingi hupunguza hewa ya majini usiku na samaki wakafa alfajiri. Mwenye kizimba hana njia hiyo, kwani maji ya ziwa hayamsubiri.

Mpakani

Anayeingiza mwani au chakula chenye mwani katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo ina wanachama 8 tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024, aanze na namba ya forodha. Mwani mkavu, hata uliosagwa, kwa kawaida huwekwa kwenye 1212.21 ukiwa wa kuliwa na binadamu na 1212.29 ukiwa wa matumizi mengine. Unga wa samaki usiofaa kwa binadamu ni 2301.20, mashudu ya soya ni 2304, na mchanganyiko ulio tayari kwa mifugo au samaki ni 2309.90. Mzigo ulioandikwa kwa namba ya chakula cha binadamu huku gunia likisema chakula cha samaki ni chanzo cha kukaa mpakani siku nyingi. Sheria za vyakula vya mifugo nazo hazifanani: Tanzania inatumia ya mwaka 2010 inayohusu nyanda za malisho na vyakula vya mifugo, Kenya ina yake inayoweka mbolea na vyakula vya wanyama pamoja, Sura ya 345.

Mnunuzi asitosheke na cheti chenye asilimia ya protini peke yake. Maabara nyingi hupima naitrojeni na kuzidisha kwa 6.25, na mtu mwenye nia mbaya anaweza kuipandisha naitrojeni kwa urea au melamini, kama ilivyogundulika Amerika Kaskazini mwaka 2007 katika chakula cha samaki na cha wanyama wa nyumbani kilichotengenezwa kwa viungo kutoka China. Cheti cha kudai ni kinachoonyesha viini vya protini kimoja kimoja, hasa methionini na laisini, pamoja na kipimo cha majivu, metali nzito kama risasi, na sumu ya Microcystis. Muuzaji wa kweli huwa anavyo tayari kwa kila toleo la mzigo wake.